Mama Infirmière Alikataa Kuku Yangu

Bantu ya Kamalondo banapendaka kusema ya kama Mama Infirmière iko malaika. Mimi nakataa. Malaika hatukanake bantu mbele ya bibi yabo. Malaika havalake bilato nyekundu ku miguu pa kazi, na Jumamosi muchana hakalake pa terrasse ya bar na bière yake, miguu juu ya casier ya chupa. Yeye alifanya ile yote, na alifanya mbele ya kila muntu, na kama ulimuangalia sana alikuuliza: «Unatafuta nini ku uso yangu? Ulipoteza yako?»

Mimi namujua kupita bale banamusifu. Namujua juu tulipigana miaka mingi, mimi na yeye, bila kugusana mukono. Vita yetu ilikuwa juu ya kintu moya tu: mimi nilitaka kumulipa, yeye alikataa. Utasoma, utaona nani alishinda. Mimi nasema nilishinda mimi.

Kwanza ujue nani anakuambia. Mimi sikusoma sana. Nilitoka Kivu ya Kaskazini na shati moya na Biblia ya mama yangu, nikafika Lubumbashi mwenye sijue muntu, na leo niko na depo ya bunga, depo ya mafuta ya kupikia, na camions yenye inaenda Kasumbalesa, ku mupaka ya inchi, na kurudia. Uliza mu Kamalondo depo ya mulango ya bluu iko ya nani. Batakuonyesha na kidevu, hata kinywa hawafungue. Hakuna mujomba mwenye alinisaidia, hakuna député, hakuna muzungu. Naandika ile si juu ya kujisifu, ao ndiyo, ni juu ya kujisifu, lakini pia juu muelewe: mimi ni muntu mwenye anajua bei ya bintu. Mama Infirmière naye alijua bei ya bintu, lakini bei yake ilikuwa ingine. Ndiyo, njo hapo tulishikana.

Nilikuwa kijana, nasukuma pousse-pousse ya kukodi, mifuko ya bunga mupaka juu. Camion moya ilirudia nyuma pa soko bila kuangalia, ikaponda muguu yangu ya kuume. Kidonda ikaoza. Bakanibeba ku centre de santé ya pale kwetu, nyumba ya matofali yenye rangi ya kijani mupaka kati na nyeupe juu, na salle moya ya banaume, salle moya ya banamuke. Mama Infirmière njo alitawala pale. Docteur alipitaka. Yeye alibakiaka.

Sasa, mwenye hajue mambo ya kwetu aelewe hii. Ku centre ile mugonjwa hapewake chakula. Muntu analazwa na garde-malade yake: dada, shangazi, bibi, mwenye anapika pa kiwanja ya nyuma, anafula mashuka, anakimbia ku pharmacie, anainua kichwa ya mugonjwa akunywe. Kama hauna garde-malade, utakufa na dawa mu mukono. Mimi sikukuwa na muntu. Siku ya kwanza nililala, naangalia bengine banakula, najifanya ya kama sina njaa. Siku yenye ilifuata mama moya akaingia, muuzaji ya bitoyo, samaki ya kukausha, ananuka samaki mupaka mu nywele. Akatia sahani ya bukari, ugali ya kwetu, na mboga ya lengalenga pa magoti yangu.

— Kula.

Nikafikiri amekosea kitanda. Nikakula mbio mbele ajue.

Hakukosea. Alirudia kila siku. Alinilisha, alinisafisha. Naandika tena: alinisafisha, mimi kijana ya mabega kama mulango, alinigeuza kama mukate ndani ya tanuru. Hatukuongea sana. Nilifikiri ni mutumishi ya centre.

Siku nilipona, marafiki yangu ya pousse-pousse bakachanga, tukanunua jogoo mweupe, muzima, si ile ya congélateur. Nikamubeba kwa Mama Infirmière, mukono moya fimbo, mukono moya jogoo. Alikuwa anakunja bandage.

— Hii ni nini?

— Kuku, mama. Ya asante.

— Naona ni kuku, siko kipofu. Inaumwa nini? Juu naona umeileta ku consultation.

Bagonjwa bote bakacheka. Jogoo anapiga mabawa ku kifua yangu.

— Mama, uliniponesha.

— Nilifanya kazi yangu. Nani alikulisha?

— Ule mama ya bitoyo.

— Ni ndugu yako?

— Hapana. Hata jina simujue.

— Yeye alilazwa ku salle ile ingine mbele weye ufike, hana muntu. Bibi ya fundi moya ya velo alimulisha. Naye alikuwa ameshalala hapa, na mwingine alimulisha. Sasa ni zamu yako. Ukishapata nguvu utarudia, utakaa na mwenye hana muntu. Kuku kula mwenyewe, uko mukondefu kama fimbo yako.

Tulimukula jogoo. Na sikurudia kukaa. Sikuombi unihurumie, na siombi musamaha, nakupatia tu sababu zangu, na ziko nzuri. Kwanza, siku moya bila kusukuma ilikuwa siku moya bila kula. Kisha, wakati nilianza kula kila siku, nilianza pia kufikiri. Kama nilikula bunga yako, narudisha bunga kwako. Sirudishe kwa muntu mwenye anapita njia. Ile si biashara, ile ni fujo. Na tena, kwetu mwanaume anaweza kusafisha baba yake muzee, basi. Hasafishake muntu mwenye hajue hata jina yake. Nilijisemea: nitakuwa tajiri, nitamulipa huyu mama mupaka atachoka, na tutamaliza.

Nikakuwa tajiri. Ile sehemu ilikuwa rahisi.

*

Mudomo yake ilikuwa kisu, mikono yake ilikuwa ya muntu mwingine. Hakuna bagonjwa benye balitukanwa kama sisi, na hakuna benye balishikwa pole kama sisi. Ungesema bantu babili balikaa ndani ya robe moya nyeupe, na hawaongeake. Alikushika muguu kama yai, na wakati ule ule anakuambia ya kama uko muvivu, munafiki, na kucha zako zinatisha batoto. Nilielewa nyuma ya kama matusi ilikuwa sehemu ya dawa: wakati unatafuta ya kumujibu, sindano ilishaingia na ilishatoka.

Hakusemaka «haitauma». Alisemaka: «Itauma. Utalia. Ukimaliza kulia tutaendelea.» Banaume banene balimuogopa juu ya ile, na balimurudilia juu ya ile ile.

Lakini usidanganyike ya kama hakudanganya. Alidanganya sana, na bila haya, lakini bagonjwa hapana; alidanganya ndugu ya bagonjwa. Familia yenye iko na uwezo ilipofika na chakula, aliangalia sahani, akakunja uso: «Hii dawa yenye tunamupa inataka sahani mbili. Moya haitoshe, dawa itamuchoma tumbo.» Banaogopa, banapika mara mbili. Sahani ya pili ilienda ku kitanda ya jirani. Nilimuuliza siku moya kama ile si bongo, si kudanganya. Akanijibu: «Tumbo moya ilichomwa? Hapana. Basi dawa ilifanya kazi.»

Siri ya mugonjwa, huwezi kuitoa mu kinywa yake hata na koleo. Mwenye nyumba moya alikuya kuuliza locataire yake anaumwa nini, juu anaogopa ataambukiza nyumba yote. Akamujibu na sauti ya chini sana, ile bwana akapinda kichwa asikie bizuri: «Papa, anaumwa ugonjwa ya kuulizwa-ulizwa. Na nafikiri ni weye ulimuambukiza.»

Na yeye mwenye kukataa kuku ya bagonjwa, alikuwa muombaji mukubwa kupita bote mu commune, lakini kwa bazima. Alipita mu soko na panier yake, na bilato yake nyekundu, anaingia ku depo, ku boutique: «Nipe sabuni. Si ya mimi. Bantu yangu bananuka.» Kama haukumupatia, alisimama pa mulango na kuanza kusalimia clients yako moya moya, na sauti ya nguvu, na habari ya mahari ya batoto yabo, mupaka njia inajaa na biashara inasimama. Ulimupatia sabuni. Hata mimi nilimupatia. Nilimuuliza mbona ya mimi anakubali. Akasema: «Hii ni ya muuzaji ya bunga. Mimi sina neno na muuzaji ya bunga. Neno yangu iko na mugonjwa yangu.»

Mugonjwa yangu. Njo hivi aliniita, mimi! Patron! Ningekuwa nimesimama mbele ya depo na bakubwa ya kutoka Kolwezi, tunaongea camion nzima ya mafuta, yeye anapita ngambo ingine ya barabara na anaita: «Mugonjwa yangu! Muguu inasema nini?» Nilimuambia mara mingi ya kama nilishapona mbele batoto yangu hawajazaliwa. Akanijibu ya kama yeye njo anatoaka bantu ku hospitali, na mimi hajanitoa. Nitatoka siku nitakaa.

*

Jumamosi muchana alivua robe na akaenda pa terrasse. Bière moya, kubwa, ya baridi. Yeye mwenye alitukana balevi wiki nzima! Nilimuonyesha ile. Akasema: «Mimi nakunywa moya na najua jina yangu. Weye, hata bila bière, kila siku unakumbusha bantu jina yako.»

Hakuna muntu aliweza kumulipia. Bengi balijaribu, balipita kwa mama ya bar, polepole, ile asione. Chupa inafika, anaiangalia kama imekosea barabara.

— Hii ilitoka wapi?

— Ku frigo, mama.

— Frigo haina roho nzuri hivi. Rudisha.

Uso yake haikucheka rahisi. Lakini kama kintu ilimupendeza, muziki, ao muntu anaanguka na velo bila kuumia, muguu yake ya kushoto ilianza kutikisika yenyewe ndani ya kilato nyekundu. Uso kama ukuta, muguu inacheza. Benye tulimujua hatukuangalia uso. Tuliangalia muguu.

Pale pa terrasse njo nilimuendea siku moya, mwenye nguvu zangu zote, nimevaa costume, na nilikuwa nimetayarisha maneno tangu asubuhi.

— Mama, dunia yote ni nipe-nikupe. Ndoa ni nipe-nikupe. Hata kanisa. Unanipa, nakupa, tunaheshimiana. Weye unakataa, kumbe unanizarau.

— Nani alikataa nipe-nikupe? Mimi nasema tu, usinipe mimi.

— Juu ya nini?

— Juu leo unanipa kuku. Kesho unakuya na kikohozi yako ya tajiri, na pa banc ya kungojea kuna mama ya makala, muuzaji ya makaa, mutoto yake anawaka moto. Nitaona nani kwanza? Nitaona kuku. Na ule mama ataona ya kama naona kuku. Siku ingine mutoto anawaka, atabaki ku nyumba juu hana kuku. Sasa hesabu weye mwenye kujua kuhesabu: kuku yako iliua nani?

— Ungekula kuku na ufunge macho.

— Weye ulishaona mimi nafunga macho mbele ya nyama?

Muguu ikaanza kutikisika. Meza zote zikacheka, na bière yangu mwenyewe, yenye nilikuwa nimeshalipa, nikaiacha pale.

*

Musifikiri nilikata tamaa. Mimi, kama bananifungia mulango, natafuta dirisha.

Nilituma matela, magodoro mupya, ku centre, ya bitanda yote, na nikakuya na muntu ya picha, kutoka studio, na appareil yake. Nilitaka picha moya tu: mimi, matela, na Mama Infirmière ananishika mukono. Alipokea matela, akaipapasa, akasema ni nzuri. Kisha akamuangalia muntu ya picha:

— Weye mikono yako iko bure? Shika hii bassin. Inua. Usiangalie ndani.

Akamutembeza salle nzima na bassin ya haja ya bagonjwa. Siku ile hakuna picha yenye ilitoka. Na muntu ya picha, na hii inaniuma mupaka leo, alirudia mwenyewe siku ingine, bila appareil. Alisema alipenda kazi.

Nilituma mufanyakazi yangu ya depo akae pa nafasi yangu, na nikamulipa siku yake yote. Alikaa na muzee moya mwenye tumbo ilipasuliwa, alimuhudumia bizuri sana. Mama Infirmière alipita ku depo kuniambia asante. Nikanyosha shati. Akasema: «Huyu kijana yako amekaa. Yeye na mimi hatudaiane. Na weye, mugonjwa yangu?»

Kisha ikakuya ile ya Golf. Bwana moya, ya mavilla ya Golf, kule kwa batajiri, alikatwa na kioo pa mafundi ya motoka mu Kamalondo. Damu inatiririka, centre yetu njo ilikuwa karibu. Chauffeur yake akaingia mbele: «Patron iko na haraka.» Mama Infirmière akaangalia mukono, akaona mwenye mukono hatakufa, akafunga kitambaa, akasema: «Na huyu mama ya makala naye, unafikiri iko ku congé, anapumzika?» Bwana ya Golf akakaa pa banc, katikati ya mama ya makala na mutoto ya kuhara. Zamu yake ilipofika, alishonwa, akatia mukono mu mufuko ya ndani kutoa pesa yake. Mama Infirmière akamuambia: «Rudisha. Ulikuwa umeshakuwa muntu, usiharibu.»

Ule bwana alirudia! Alivua montre, akakunja shati, akakaa siku nzima na kipofu moya, anamulisha supu na kijiko. Mama Infirmière alinipigia telefone makusudi:

— Ya Golf ameshakaa. Ya Kamalondo anangojea nini?

Nilikata telefone. Muntu ya Golf anaweza kucheza umaskini nusu siku, ni mapumziko kwake. Mimi nilishautoka, na sirudie kuutembelea. Nilimuambia ile, nyuma. Aliniangalia murefu, na mara ile hakunitukana. Alisema tu: «Si umaskini utatembelea. Ni muntu.» Nikamujibu ya kama ni maneno ya kanisa, na kanisa yangu ninayo.

Na nilikuwa na haki ya kusema hivi, juu mimi najua bantu. Kwa mufano, nilikuwa na chauffeur mwenye nilimuamini, mwenye nilimufundisha njia ya Kasumbalesa mimi mwenyewe. Alikuwa anatoa mazout, mafuta ya camion, ndani ya reservoir na kuiuza mu njia, bidon kwa bidon. Siku nilimushika, nilimutolesha mbele ya bantu yote, nikatupa sac yake ya nguo mu barabara, nikapiga kelele mupaka fundi ya nguo ya ngambo akasimamisha machine yake. Ku depo yangu mwivi hadumu. Mama Infirmière alikuwa anapita na panier. Akasimama, akasikia yote, akaniambia: «Kumufukuza, ni sawa. Lakini ile sauti yote, mazout ilirudia?»

Yeye njo muntu moya tu mu Kamalondo mwenye aliweza kuniambia ile na nisimujibu. Si juu nilikosa jibu. Nilikuwa nimechoka koo.

*

Nyuma ya pale akapata pension, akaacha robe, lakini bilato nyekundu hakuiacha. Alikuwa bado anapita ku centre kila asubuhi kutukana bale benye balibakia. Kisha, mvua ya mwaka huu ilipoanza, nikasikia ya kama haonekane tena. Miguu imevimba, pumzi iko fupi, amelazwa. Wapi? Pale pale, ku salle ya kijani na nyeupe. Ile siku bagonjwa balikuwa bachache, na salle ya banaume ilikuwa inavuja, basi balitia bote pamoja, na rideau moya, pazia ya kati, yenye ilibakia wazi.

Nilisikia ile habari na nikajua ya kama vita yetu inaisha, na sitakubali iishe nikiwa nadaiwa. Sikubali! Mimi mwenye sidaiwe na benki, sidaiwe na fundi, nitazikwa na mama moya ananidai? Ao mubaya kupita ile: atazikwa yeye, na hakuna muntu tena mu dunia mwenye anaweza kuniambia nimetoka hospitali.

Nikavaa costume. Nikachukua jeep. Bibi yangu akapika kuku, ya kienyeji, na mafuta ya mawese, mu casserole yenye kufunikwa na kitambaa. Nikatia mu coffre ya jeep kiti ya ku bureau yangu, ile ya kukunja. Nikaingia muchana, saa bantu banakula.

Alikuwa mudogo mu kitanda. Kwa ile sikujitayarisha. Lakini macho ilikuwa ile ile.

— Mugonjwa yangu. Umekuya na kiti? Hapa si meeting.

— Mama, nimekuya kukuchukua. Clinique ya Golf, chambre yako peke yako, télé, climatiseur.

— Na kule nitamutukana nani?

— Basi haupendi kwenda, nitakaa hapa. Na weye. Niko na kiti, niko na chakula. Leo tunamaliza.

Akacheka bila sauti, pumzi ikamukosa, na mama moya muzee mwenye alikuwa nyuma yake akamuinua mabega polepole. Nikasikia harufu ya samaki. Nikamuangalia. Alikuwa mama ya bitoyo, nywele yote nyeupe. Kando yake kulikuwa muntu ya picha, anakunja mashuka. Pa mulango ya nyuma bengine balikuwa banangojea na sahani zabo.

— Unaona? akasema Mama Infirmière. Mimi niko na bagarde-malade kupita bagonjwa. Banagombana juu ya nani atanifulia. Weye utanifanyia nini? Nenda ku kitanda ya pa mulango. Ule hana muntu.

Nikageuka. Pa kitanda ya pa mulango kulikuwa chauffeur yangu.

Alikuwa amekonda. Mikono mibili imevunjika, ndani ya plâtre mupaka ku biwiko. Alianguka kutoka juu ya camion ya muntu mwingine, mu kufunga bâche, turubai ya mizigo. Bibi yake alikuwa amesharudia kwabo. Pa meza yake kulikuwa sahani ya bukari yenye muntu aliacha, imekauka, na mikono ya kuifikisha ku kinywa haiko. Aliniona, akafunga macho, kama muntu mwenye anangojea sac yake itupwe mara ya pili.

— Mama, nikasema na sauti ya chini, ule ni mwivi.

— Hapa ni mugonjwa. Benye kuiba banalalaka ku polisi.

— Nipatie mwingine.

— Hapa si depo. Hauchagulake mufuko.

Nilisimama pale. Salle yote inaniangalia, na mama ya bitoyo naye ananiangalia, ule mwenye alinigeuza kama mukate na hakuniuliza kama niko mwivi ao hapana. Ningeweza kuondoka. Jeep ilikuwa pa mulango, na mimi nilishaondoka mu mahali mingi mikubwa kupita pale. Lakini kama ningeondoka, Mama Infirmière angeshinda, na mbele ya bantu.

Nikavua veste ya costume. Nikafungua kiti yangu, nikaitia ku kitanda ya pa mulango, nikakaa. Nikafunua casserole.

— Ulikunywa mazout yangu, nikamuambia.

Akafungua macho.

— Nilikunywa, patron.

— Sasa kula kuku ya Mama Infirmière. Fungua kinywa.

— Inua kichwa yake kwanza! akapiga kelele Mama Infirmière kule ku kitanda yake, na pumzi yenye hakukuwa nayo. Unamulisha ao unamuziba?

Nikatia mukono chini ya kichwa yake. Kichwa ya muntu iko nzito, sikujua. Alikula kama mimi nilikula ile siku, mbio, mbele nijue ya kama nimekosea kitanda. Mafuta ya mawese ikatiririka ku kidevu, nikapanguza na kitambaa yangu ya mufuko, ile ya herufi za jina. Kisha akaniambia na sauti ndogo kintu yenye chauffeur hasemake kwa patron yake. Nikatafuta bassin. Muntu ya picha akanionyesha nafasi yake, na hakucheka, nilimuangalia bizuri. Nilifanya yenye ilitakiwa kufanywa. Sitaeleza. Mwenye alishakaa anajua.

Nilipomaliza kumufunika, alikuwa analia.

— Patron, nikipona nitaendesha camion yako bure. Bila mushahara, mupaka mazout yote irudie.

Chauffeur ya bure, mwenye anajua Kasumbalesa na macho ya kufunga! Mimi ni mufanyabiashara, na ile ni biashara yenye muntu ya akili hakatale. Niliipima mu kichwa. Na nikasikia kinywa yangu inaongea mbele yangu, na hasira, na sauti ya nguvu ile salle yote isikie, sana sana muntu moya:

— Sitaki! Usinipe mimi! Ukipona utarudia hapa, utatafuta mwenye hana muntu, utakaa. Umesikia?

Nikageuka mbio, nimuone uso. Mama Infirmière alikuwa amefunga macho, kinywa wazi kidogo, kama muntu mwenye analala tangu zamani. Hivi njo bahati yangu: miaka yote ile ananisikia nikisema upuzi, na siku nasema yenye yeye alingojea, analala!

Nikakohoa kwa nguvu. Hakufungua macho. Nikasukuma kiti, ikalia ku ciment. Uso yake ikabaki kama ukuta.

Lakini chini ya shuka, ule muguu ya kushoto, na kuvimba yake yote, ilikuwa inatikisika.